Kabari Nane na Sekunde Saba

Mama Kamba hakuzaliwa na jina hilo, ila lile alilozaliwa nalo lilikuwa limebaki kwenye kitambulisho tu, na hata pale lilikuwa limeanza kufutika. Katika yadi ya malori, kuanzia mlinzi wa geti mpaka meneja, wote walimwita hivyo, kwa sababu kwa miaka thelathini kazi yake ilikuwa moja: kufunga mizigo. Amefunga saruji, amefunga magodoro, amefunga mitungi ya gesi, amefunga jeneza la tajiri mmoja lililokuwa zito kuliko tajiri mwenyewe. Alichokifunga kilifika. Mwaka mmoja lori lilipolala ubavu mtaroni, dereva alitokea dirishani akiwa na nundu ya paji la uso, akakuta trei zote za mayai zimening'inia kwenye kamba, halijapasuka hata yai moja. Mwenye mayai alimpigia simu Mama Kamba kumshukuru. Habari za dereva hakuziulizia kabisa.

Alianza kazi akiwa msichana wa miaka ishirini na minne, utingo wa kike wa kwanza pale yadini, anayesafiri juu ya shehena akiwa amelalia turubai. Huko juu ndiko alikojifunza yote anayoyajua. Aliona kwamba gunia halihami lori linapopanda mlima, wala linapokwenda mbio kwenye lami. Linahama kwenye tuta. Lori likirushwa na tuta, kwa nusu sekunde hivi kila kilichomo nyuma kinakuwa hakina uzito. Gunia la kilo mia linakaa juu ya ubao bila kuukandamiza, na hapo hata kidole cha mtoto mchanga kinaweza kulisukuma. Halafu uzito unarudi, gunia linatua, lakini si pale lilipokuwa. Matuta kumi baadaye liko ukingoni, na kona ya kwanza inalichukua, na lori nalo likilifuata ndiyo basi tena. Kwa hiyo Mama Kamba hakufunga mzigo usiruke. Aliufunga usiende pembeni: kamba mbili za msalaba kutoka pembe hadi pembe, na kabari nane za mbao zilizopigwa nyundo kati ya mzigo na ubavu wa bodi. Kabari hizo alizichonga mwenyewe, na alizibeba kwenye mfuko wa aproni yake kila alipokwenda.

Sasa palikuwa na dereva mmoja aliyeitwa Taratibu. Jina hilo alipewa na madereva wenzake, na hawakumpa kwa kumsifu. Alikuwa na tumbo lililotangulia kufika kila mahali, na sauti ndogo ambayo haikulingana na tumbo, na aliendesha lori kwa mwendo ambao, wenzake waliapa, bata na vifaranga wake waliwahi kumpita. Kwenye matuta ndiko alikozidi. Mita mia kabla hajafika alikuwa ameshakanyaga breki, na tuta alilipanda kama mtu anayeingia kitandani bila kutaka kumwamsha mwenzake. Alifiwa na mkewe miaka sita iliyopita. Miaka miwili iliyopita, Mama Kamba akiwa juu ya shehena ya mabati anakaza fundo, Taratibu alimwuliza kutoka chini kama angekubali waoane.

"Nitakujibu ukirudi," alisema Mama Kamba.

Akarudi, hakujibiwa. Akauliza tena, akaambiwa vilevile, akaenda, akarudi. Mara tatu sasa. Yadi nzima ilijua, na kila Taratibu alipotoka getini mlinzi alimpungia mkono akisema, "Rudi basi ujibiwe, mzee!"

Si kwamba Mama Kamba hakumtaka. Alimtaka mpaka alijikasirikia. Lakini mume wake wa kwanza aliondoka alasiri moja kwenda kununua balbu, miaka kumi na tisa iliyopita, bila ugomvi, bila hata kuchukua sweta, na hakuonekana tena. Balbu Mama Kamba alikuja kununua mwenyewe. Tangu siku hiyo aliamini kwamba kila kitu duniani kinafungika isipokuwa mwanamume. Tena aliishi na dada yake mkubwa, ambaye hakuwahi kuolewa na alilisimamia jambo hilo kama cheo cha serikali. "Miaka hamsini na minne," Dada alikuwa akisema, "halafu uolewe na lori!"

Ndipo ukaja ule ujumbe. Ulikuwa wa sauti, ukaruka simu hadi simu mpaka hata wasio na simu wakawa wanaujua kwa moyo. Mtu aliyejiita profesa, mwenye sauti ya mtu anayeongelea ndani ya pipa, alitangaza kwamba Jumatano, saa tisa na dakika kumi mchana, nguvu ya mvutano wa dunia itazimwa kwa sekunde saba ili ifanyiwe marekebisho. Marekebisho gani, na fundi ni nani, hakusema. Alisema tu kwamba kisichofungwa kitapaa.

Jumatatu watu walicheka. Jumanne asubuhi walicheka kidogo. Jumanne mchana kamba ziliisha madukani, na jioni wapangaji wote wa nyumba aliyokaa Mama Kamba walikusanyika uani, penye bomba. Mwalimu mstaafu wa ghorofa ya pili, aliyefundisha hesabu miaka thelathini na mitano na hajakubali bado kwamba amestaafu, alisimama juu ya ndoo iliyopinduliwa.

"Dunia inazunguka!" alisema. "Tumeshikwa na mvutano tu. Ukizimwa, tutarushwa kama matope yanavyorushwa na tairi. Nyumba, watu, masufuria, vyote, mpaka mawinguni!"

"Samahani, Mwalimu," alisema Mama Kamba, ambaye alikuwa amekaa kwenye ngazi anakata kitunguu. "Tairi lako hilo linazunguka mara ngapi kwa siku?"

"Mara moja."

"Na wewe umewahi kuona wapi matope yakirushwa na tairi linalozunguka mara moja kwa siku?"

Watu wakaangua kicheko. Mwalimu akarekebisha miwani.

"Kwa hiyo hatutapaa?" mtu akauliza.

"Mtainuka, ndiyo, lakini polepole, kama unga wa mkate unavyoumuka. Kwa sekunde saba hamfiki hata darini. Mimi nimeyaona haya nyuma ya lori. Kitu kikikosa uzito hakina haraka ya kwenda juu. Kinakwenda kule kilikosukumwa, basi, na hakisimami mpaka kigonge kitu. Ukipiga chafya kitandani, utaondoka kinyumenyume na shuka lako. Kuku akipiga hatua, ile hatua moja ndiyo itakayompeleka, miguu inachota hewa tu. Maji ya ndoo hayatamwagika, yatatambaa ukingoni yakijikusanya donge. Na godoro lako la springi, Mwalimu, ulilolikandamiza miaka yote hiyo, nalo litapata nafasi ya kulipiza kisasi. Lakini kuinuka si tatizo. Tatizo ni pale uzito utakaporudi na wewe hupo tena juu ya kitanda chako, uko juu ya jiko."

Watu wakawaza kila mmoja jiko lake. Halafu Mwalimu akauliza, kwa sauti ya chini ya mtu anayeuliza jambo la kitaalamu, "Na chooni je?"

Choo cha pale uani kilikuwa cha shimo, na kilikuwa kimejaa tangu mwaka jana. Wote wakageuka kukitazama.

"Kilichomo kitabaki humo," alisema Mama Kamba, "ilimradi pasiwe na mtu wa kukichokoza."

Jibu hilo liliwaliwaza kuliko sayansi yote iliyotangulia. Hata hivyo hawakumwamini. Nani amsikilize mfunga mizigo, na profesa yupo ndani ya pipa? Walichotaka kwake ni mikono yake tu: kila mmoja alimwomba aje kesho amfunge. Mama Kamba hakuamini hata neno moja la ule ujumbe, lakini alikubali, maana ukikataa kumfunga jirani siku moja atakununia mwaka mzima.

Jumatano asubuhi yadi ilikuwa nusu tupu. Utingo wa Taratibu alikuwa ametuma ujumbe kwamba yuko chini ya kitanda na hatatoka. Mzigo wa siku hiyo ulikuwa vyoo vya kauri, themanini na vinne, vyeupe, vya kukalia, kila kimoja ndani ya kreti lake la mbao, vinakwenda kwenye hoteli mpya upande wa pili wa mlima. Simu ya Mama Kamba ilikuwa haipumui. Huyu anauliza kama kamba ya kuanikia nguo inatosha kumfunga mtu wa kilo tisini. Yule anauliza mbuzi anafungwa shingo au kiuno. Na Meneja naye alisimama kando ya lori tangu kreti la kwanza mpaka la mwisho, jasho linamtoka, anapiga kelele.

"Kaza chini, Mama! Kaza chini, visipae! Nikipoteza vyoo hivi nitawaambia nini wenye hoteli? Vimekwenda mbinguni?"

Mama Kamba akakaza. Kamba ya kwanza akaipitisha juu, akaivuta mpaka ikalia. Ya pili, juu. Ya tatu, juu. Simu ikaita. Ya nne, juu. Meneja akasema kaza, naye akakaza, na mzigo ukawa umelazwa chini kama mgonjwa aliyefungwa bandeji. Taratibu akazunguka lori kuangalia matairi, akaja kusimama karibu naye.

"Leo siulizi," alisema. "Kama dunia inazimwa, sitaki ikute nakusumbua."

"Acha upuuzi. Nitakujibu ukirudi."

"Sijauliza."

"Na mimi sijajibu. Haya, nenda."

Taratibu akapanda, akazima simu yake akaitia kwenye droo. Sharti hilo aliliweka Mama Kamba mwenyewe: dereva anayepokea simu njiani hatafungiwa mzigo tena. Lori likatoka getini polepole, na mlinzi akapunga mkono kama kawaida.

Nyumbani, Mama Kamba alifunga watu tangu saa tano. Mwalimu alifungwa kitandani akiwa na daftari kifuani ili aandike atakayoyaona. Mbuzi alifungwa kiuno. Familia ya chini ilifungwa yote kwenye nguzo moja, wakaanza kugombana kabla fundo halijakazwa. Kila mmoja Mama Kamba alimwonyesha mkia wa fundo: ukivuta hapa, unafunguka. Dada alikuwa wa mwisho, na Dada hakutaka mchezo. Alitaka afungwe miguu, kiuno, kifua na mikono yote miwili, na redio ifungwe kando ya sikio.

"Tena kitanda hiki kinacheza," alisema Dada. "Kitilie kitu mguuni."

Mama Kamba akapiga magoti, akatia mkono kwenye mfuko wa aproni atafute kibao. Akakuta kabari. Akazitoa. Moja, mbili, tatu. Zilikuwa nane.

Alibaki amepiga magoti, kabari zimejaa viganjani. Kisha yote yakamjia kwa mpigo: kamba ya kwanza juu, ya pili juu, ya tatu juu, ya nne juu. Hakuna msalaba. Hakuna kabari. Kwa mara ya kwanza katika miaka thelathini alikuwa ameufunga mzigo dhidi ya mbingu, kwa sababu siku tatu mfululizo kila mdomo ulikuwa ukimwambia vitapaa, vitapaa, na mikono yake ikasikia kabla yeye hajaizuia. Baada ya mizani ya barabarani kulikuwa na matuta sita. Baada ya tuta la sita barabara ilishuka mlima kwa kona kumi na nne, upande mmoja mwamba, upande wa pili hakuna kitu.

"Umekaa hivyo kwa nini?" aliuliza Dada.

"Nimemuua Taratibu."

"Nini?"

"Bado hajafa, lakini nimemuua." Akaondoka mbio.

"Na mimi je? Nani atanifungua?"

"Vuta mkia wa fundo!"

"Mikono yangu si umeifunga!"

Lakini Mama Kamba alikuwa ameshafika chini. Akapiga simu ya Taratibu akijua haitapokelewa, na haikupokelewa, na alijilaani kwa lile sharti lake. Barabarani palikuwa na pikipiki moja tu, na mwendesha pikipiki alikuwa amekumbatia jiwe kubwa mapajani.

"Hilo la nini?"

"La kuniongezea uzito, Mama. Saa tisa na dakika kumi."

"Jiwe lenyewe litakuwa na uzito gani, uzito ukizimwa?"

Kijana akalitazama jiwe kwa masikitiko, lakini hakulitupa. Kwa hiyo walikwenda watatu, yeye, Mama Kamba na jiwe, wakilifukuza lori la vyoo. Njia nzima Mama Kamba alihesabu. Lori lilitoka saa tatu. Mtu mwingine angekuwa ameshavuka mlima zamani. Taratibu, kwa ule mwendo wake waliomcheka miaka yote, pengine bado. Alimwombea mwendo wa bata. Aliomba bata wote wa duniani wavuke barabara mbele yake.

Kwenye mizani walikuta foleni ya malori ikisogea polepole, na wahudumu wamenuna. Mmoja alieleza kwamba walisimamisha kazi tangu asubuhi, kwa sababu kama uzito unazimwa leo, mizani itasoma nini, na nani atatia sahihi? Meneja wao alikuwa amewatukana ndipo wakafungua tena.

"Lori la vyoo?"

"Limepita si muda mrefu. Lile la yule mzee wa polepole."

Wakapita tuta la kwanza, kijana akalirukia bila breki, na Mama Kamba akainuka kitini. Kwa nusu sekunde hakugusa kitu chochote. Akilini mwake aliliona kreti moja, limekaa juu ya ubao bila kuukandamiza, linasogea pembeni kwa utulivu kabisa. Alipotua alimpiga kijana begani na kumwambia aongeze mwendo.

Baada ya tuta la pili walilikuta lori limesimama kando ya barabara, matairi yametiwa mawe, na turubai limefunuliwa upande mmoja. Kivulini mwa lori, Taratibu alikuwa amekaa juu ya choo. Choo kilikuwa cheupe, kipya, kimewekwa vizuri kwenye nyasi, na Taratibu alikuwa anakula muhogo wa kuchemsha, miguu ameipanua, ametulia tuli.

"Umekuja," alisema.

Mama Kamba alishuka. "Kwa nini umesimama?"

"Mzigo uliongea. Tuta la kwanza uligonga mara moja. La pili ukagonga mara mbili, na hiki kreti lake likapasuka." Akakipapasa choo ubavuni. "Miaka kumi na mitano nabeba mizigo yako, haijawahi kunisemesha. Nikajua leo mawazo yako hayakuwa kwangu."

Hakusema kwa kulaumu. Ingekuwa lawama, Mama Kamba angejua la kujibu. Alitoa kabari mfukoni, akamwonyesha, na machozi yakamtoka, hakujisumbua kuyaficha.

"Nilisahau. Nimeufunga mzigo wako kama nilivyowafunga vitandani wajinga wale, na mimi ndiye mjinga wao mkubwa. Nilikuwa nakuja kuokota vipande. Vyako na vya vyoo."

"Mtu husahau."

"Mimi sisahau!"

"Basi leo umeonja tunavyoishi sisi wengine," alisema Taratibu, akampa kipande cha muhogo.

Wakafanya kazi. Safu nzima ya kulia ilikuwa imesogea kwa shubiri moja na nusu, na makreti mawili yalikuwa yamechungulia nje ya bodi. Taratibu na kijana waliyasukuma kwa bega na kwa mtaimbo. Mama Kamba alipiga kabari kwa nyundo, moja baada ya nyingine, akitukana kwa kila pigo, akimtukana profesa, pipa lake, Meneja na mikono yake mwenyewe. Kisha akapanda juu kupitisha kamba za msalaba. Alikuwa huko juu, amepiga magoti kati ya vyoo themanini na vitatu, kijana alipopiga ukelele kutoka chini.

"Saa tisa na dakika kumi!"

Kijana alijitupa chini kifudifudi akalikumbatia jiwe lake. Taratibu alishika ncha ya kamba iliyokwenda hadi mikononi mwa Mama Kamba, akaizungusha kiganjani mara mbili. Mama Kamba hakuamini, hakuwahi kuamini, lakini na yeye aliishika kamba upande wake. Sekunde saba zilipita. Inzi alitua kwenye turubai.

"Umepaa?" aliuliza Taratibu.

"Magoti yangu yanasema hapana."

Kijana alisimama akajikung'uta vumbi, amekasirika kidogo, kama aliyekwenda harusini akakuta imeahirishwa. Mama Kamba alimwambia arudi mjini kwenye nyumba alipomchukua, apande ghorofa ya tatu, amfungue mwanamke aliyefungwa kitandani na redio, mkia wa fundo uko upande wa kushoto, na asimsikilize atakayoyasema.

"Na wewe hurudi, Mama?"

"Mimi nakwenda na mzigo wangu," alisema, akakibana choo kilichobaki kati ya makreti, akapanda kwenye kabini. Mara ya mwisho kusafiri na mzigo ilikuwa miaka ishirini na mingapi iliyopita, naye wakati ule alikaa juu ya turubai. Kumbe huku ndani kulikuwa na kiti kirefu cha kuegemea. Alikaa mwisho kabisa wa kiti kile kirefu, bega limegusa mlango. Taratibu akawasha lori, wakaanza kwenda kwa mwendo wake uleule, na hakuuliza kitu. Hiyo ndiyo iliyomshinda. Angeuliza, angemwambia nitakujibu ukirudi.

"Unajua kwa nini sijibu?" alisema mwishowe.

"Nilifikiri hunitaki ila unaona haya kusema."

"Kwa sababu ukishajibiwa hutakuwa na sababu ya kurudi."

Taratibu alilitafakari hilo kwa urefu wa nguzo tatu za umeme. "Mimi nilikuwa narudi kwa sababu wewe upo kule," alisema. "Hilo jibu nilishaona halitakuja. Nilikuwa narudi tu."

Mama Kamba akageukia dirisha. Miaka miwili amemfunga mtu huyu kwa fundo la maneno, akifikiri ndilo linalomrudisha, na kumbe fundo halikuwa limeshika kitu. Aliona aibu, halafu akaona furaha, halafu akaogopa ile furaha.

Tuta la tatu likafika. Taratibu alikanyaga breki mita mia kabla, akalipanda kwa adabu zake zote, lakini tuta ni tuta, na lori zito lina tabia zake. Likanyanyuka nyuma, na wao wawili wakanyanyuka kitini. Nusu sekunde hivi. Mama Kamba hakushika mlango, hakushika kiti, hakujisukuma. Nyuma yao mzigo haukutoa sauti hata kidogo. Kisha uzito ukarudi, akatua, na alipotazama aliona hayuko tena mlangoni. Alikuwa amesogea karibu shubiri mbili upande wa dereva.

Alijua vizuri kuliko mtu yeyote kwamba kitu hakihami bure.

"Ndiyo," alisema.

"Ndiyo nini?"

"Lile swali lako. Wewe tazama mbele."

Taratibu akatazama mbele, masikio yamemwiva. Tuta la nne lilikuwa limeshaonekana, na baada ya hilo yalibaki mawili tu kabla ya mlima. Mguu wake ukaelekea kwenye breki kama ulivyozoea, ukasita, ukahamia upande wa pili, na kwa mara ya kwanza tangu apewe leseni alikanyaga mafuta mbele ya tuta. Mama Kamba alitia mkono wake kwenye kwapa la dereva, na hakumkataza, maana mzigo sasa ulikuwa umefungwa.